Unangoja Kuhama? Tengeneza Mapambo kwa Mikono Yako, na Pesa ya Nyumba Isiguswe

Kuna kipindi ambacho mpangaji hukaa katikati ya nyumba mbili. Notisi umeshaandika au unakaribia kuiandika, nyumba mpya umeiona au bado unaitafuta, na moyo umeshahama ingawa vitu viko palepale. Ni kipindi kitamu lakini kina mitego yake. Huu ndio wakati watu hununua zulia, mito ya kochi na kioo kikubwa cha ukutani kwa ajili ya nyumba ambayo dipoziti yake bado haijakamilika.

Makala hii ni ya kipindi hicho. Tutakuonyesha vitu vichache vya kutengeneza mwenyewe jioni na wikendi, kwa vifaa ambavyo nusu yake tayari viko kwako. Pia tutakuonyesha jinsi ya kutumia simu yako ili unachookoa kiishie kwenye nyumba mpya.

Tuanze na jambo moja ambalo watu wengi hulisahau: kitu ulichojitengenezea hakijakuokolea pesa mpaka uihamishe ile pesa. Ukishona mto kwa shilingi 150 badala ya kununua wa 600, zile 450 ziko tu kwenye salio lako la kawaida. Zitaisha kwa chapati, bando na nauli kabla ya Jumapili, na utabaki ukijiuliza akiba ilienda wapi.

Kwanza, jua kuhama kutakugharimu ngapi

Wengi wetu tukiulizwa pesa ya kuhama ni ngapi, tunataja kodi ya mwezi mmoja na dipoziti. Hiyo haitoshi. Wacha tuchukue mfano wa bedsita ya shilingi 9,000 kwa mwezi. Takwimu ni za mfano tu, weka zako:

- Kodi ya mwezi wa kwanza: 9,000
- Dipoziti ya nyumba: 9,000
- Dipoziti ya maji na stima: 2,000
- Pikapu na vijana wa kubeba: 4,000
- Kufuli jipya, balbu na tokeni za kuanzia: 1,000

Jumla ni shilingi 25,000. Tuseme tayari una 16,000. Umebakiza 9,000, na una miezi mitatu. Hiyo ni shilingi 100 kila siku kwa siku 90. Ukiiangalia hivyo, inawezekana.

Usihesabu dipoziti ya nyumba unayotoka. Mara nyingi hurudishwa ukishaondoka na nyumba ikishakaguliwa, na huenda ikakatwa rangi, kioo kilichovunjika au bili ya maji. Ikija, iwe nyongeza. Ukiifanya kuwa sehemu ya mpango, unaweza kujikuta na pikapu barabarani na huna pesa ya kumpa mwenye nyumba mpya.

Sasa tenganisha pesa. Pesa ya kuhama iweke kwenye akiba ya kufunga, ile ambayo huwezi kuigusa hadi tarehe uliyochagua. Tarehe ya kufunguka iwe siku chache kabla ya siku ya kulipa, na usome masharti kabla ya kubonyeza kukubali, kwa sababu akiba nyingine hupoteza riba ukiitoa mapema. Pesa ya mapambo iwe kando, kiasi kidogo ulichokipanga. Katika mfano wetu ni shilingi 1,000 kwa mwezi, yaani 3,000 kwa miezi yote mitatu. Ikiisha, imeisha. Ngoja mwezi mwingine.

Maswali matatu kabla ya kushika mkasi

Mtu anayengoja kuhama hapambi kama mtu aliyetulia kwake. Kabla ya kuanza kitu chochote, jiulize:

Je, kitabebeka? Kinapaswa kupita mlangoni, kushuka ngazi za ghorofa ya nne na kuingia kwenye pikapu pamoja na kitanda. Kama hakikunjiki, hakifunguki wala hakiwezi kubeba vitu vingine ndani yake, fikiria tena.

Je, kinategemea vipimo vya nyumba ambayo bado hujaingia? Pazia, zulia la ukuta hadi ukuta na rafu za kona vyote vinategemea vipimo. Vingoje.

Je, kitaharibu ukuta wa nyumba unayotoka? Kila msumari mpya unaoupigilia sasa unaweza kukatwa kwenye dipoziti yako. Kama ukuta una msumari tayari, utumie huo huo.

Rafu ya kreti za nyanya

Hii ndiyo tunayoipenda zaidi, kwa sababu inafanya kazi mara mbili. Zile kreti za mbao zinazoleta nyanya sokoni hupatikana kwa wauzaji wa mboga wakishamaliza mzigo. Uliza Soko la Wakulima hapa Nairobi, Kongowea kule Mombasa, Kibuye Kisumu au soko lolote la karibu. Bei ni ya kuongea, kwa hivyo nenda jioni mzigo ukiwa umepungua. Chagua kreti ambazo mbao zake hazijapasuka na misumari haijatokeza.

Osha kwa brashi na maji ya sabuni, kisha anika juani siku mbili au tatu hadi zikauke kabisa. Kagua nyufa kwa tochi ya simu. Mbao ya mtumba inaweza kuja na kunguni au mchwa, na hutaki kuwapeleka nyumba mpya. Piga msasa pande zote, hasa zile kingo ambazo mkono utagusa. Pitisha vanishi mara mbili, ukiacha ya kwanza ikauke usiku mzima kabla ya kupaka ya pili. Fanya kazi hiyo nje au dirisha likiwa wazi.

Usiziunganishe kwa misumari. Toboa matundu na uzikaze kwa bolti na nati, kreti nne zilizopangwa mbili juu ya mbili. Siku ya kuhama unafungua nati, unajaza kreti sufuria, vitabu na viatu, na zinakuwa maboksi yako ya kubebea. Ukifika, unazitoa vitu na kuzikaza tena. Jioni hiyo hiyo una rafu.

Tahadhari mbili. Ukiuziwa kreti ya plastiki yenye jina la kampuni ya maziwa, mkate au soda, iache, maana hiyo ni mali ya kampuni hata kama anayeiuza anaapa ni yake. Na ukipata paleti badala ya kreti, tafuta muhuri uliochomwa kwenye mbao. Herufi HT zinaonyesha mbao ilitibiwa kwa joto, na hiyo ni sawa kutumia ndani. Herufi MB zinaonyesha ilipigwa dawa ya kemikali, kwa hivyo usiiingize nyumbani.

Leso moja, mito mitatu na pambo la ukuta

Leso huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyoungana ambavyo wewe ndiwe unakata na kupinda. Kila kipande kina pindo linalozunguka pande zote, mji katikati, na jina, yale maneno ya methali au fumbo yanayowafanya watu wasimame dukani wakisoma na kucheka. Mombasa, Mtaa wa Biashara ndio unaojulikana kwa leso, lakini siku hizi zinapatikana karibu kila mji.

Kipande kimoja kina upana wa kama mita moja na nusu na kimo cha kama mita moja na sentimita kumi. Pima chako kwanza, maana hutofautiana kidogo. Kiache kipande kimoja kizima, na jina lake likisomeka. Hicho ndicho pambo lako la ukuta: shona mkunjo juu, pitisha ufito au kijiti cha ufagio, funga kamba na utundike kwenye msumari uliopo. Kuhama ni kukikunja na kukitia mkobani. Chagua jina ambalo utafurahi mgeni akilisoma, na ambalo jirani mpya hatadhani unamsema yeye.

Kipande cha pili ndicho cha mito. Kata mistari mitatu, kila mmoja upana wa sentimita 44 na urefu wote wa leso kutoka juu hadi chini. Pinda ncha mbili fupi kwa sentimita mbili kila moja. Laza mstari mezani, upande wa nje ukikutazama, kisha kunja ncha zote mbili kuelekea katikati hadi upate mraba wa sentimita 40, ncha zikipandana. Shona pande mbili zilizo wazi, ukiacha sentimita mbili kila upande. Geuza nje ndani, na una foronya isiyohitaji zipu wala vifungo. Pindo la leso litaonekana nyuma ya mto kama lilipangwa hivyo.

Kama huna cherehani, mkono unatosha, jioni moja kwa kila mto. Ukimpelekea fundi wa mtaani, elewaneni bei ya mito yote mitatu kabla hajaanza. Kujaza ndani, tumia nguo zilizochakaa kabisa ulizozikata vipande vidogo, au mabaki ya sponji kutoka kwa fundi wa viti. Nguo ziwe zimefuliwa na kukauka vizuri, la sivyo mto utanuka uvundo ndani ya wiki mbili.

Mkeka wa fulana kuukuu

Kama unaweza kusuka misuko mitatu ya nywele, unaweza kutengeneza mkeka huu. Kusanya fulana zisizovaliwa. Zikipungua, sokoni kuna zile za kuchagua kwa bei ya chini, Gikomba, Toi na kwingineko. Fua kwa maji moto kisha piga pasi, kwa sababu ile ile ya kunguni.

Kata fulana kuanzia upindo wa chini, ukizunguka kama mtu anayemenya chungwa, utepe wa upana wa vidole vitatu hadi ufike kwapani. Uvute utepe na utajikunja wenyewe kama kamba. Chukua tepe tatu za rangi tofauti, zifunge pamoja na uanze kusuka. Utepe ukiisha, shonea mwingine.

Ukipata kamba ndefu, izungushe kuanzia katikati na uishonee upande wa chini kwa uzi mgumu, mzunguko baada ya mzunguko. Siri ni kuuweka mkeka ukiwa umelala bapa mezani wakati wote wa kushona. Ukiushika mkononi na kukaza uzi, utajikunja kama bakuli. Anza na fulana tano uone umefika wapi, kisha ongeza. Mkeka wa mlangoni au wa kando ya kitanda unatosha, na faida yake ni kwamba huna haja ya kujua vipimo vya nyumba mpya. Kwa sakafu ya vigae, shonea mpira au kitambaa kisichoteleza upande wa chini.

Kama nyumbani kwenu kuna mama au shosho anayeshona vitambaa vya viti kwa kroshia, mkalie karibu kipindi hiki. Tepe hizo hizo za fulana zinashonwa kwa sindano nene ya kroshia na kutoa kikapu cha chaja na rimoti, au kitambaa cha meza ambacho hakuna duka lina mfano wake.

Chupa, mikebe na tawi la jirani

Chupa za jemu, kahawa na siagi ya karanga usizitupe. Loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, ukwangue karatasi, na gundi ikibaki isugue kwa mafuta kidogo ya kupikia. Paka gundi ya seremala, zungusha kamba ya katani kuanzia chini, uzi ukigusana na uzi, na una chombo cha vijiko, brashi au maharagwe. Jambo moja la usalama: chupa uliyoizungushia katani isitumike kwa mshumaa, maana katani inashika moto haraka.

Mikebe ya maziwa ya unga na ya mafuta ya kupikia inafaa kwa mimea. Lainisha ukingo kwa msasa, toboa matundu matatu au manne chini kwa msumari ili maji yatoke, kisha paka rangi iliyobaki kazini au kwa rafiki. Mmea wenyewe omba. Ile inayoitwa money plant hukua kwa tawi tu: kata chini ya fundo, weka ndani ya chupa ya maji, badilisha maji kila wiki, na mizizi itatoka. Uweke juu, mbali na watoto na paka, kwa kuwa majani yake yakitafunwa yana madhara. Ukianza leo, siku ya kuhama utakuwa na mmea ulioshika, na ukiubeba ndani ya chupa yake kwenye mapaja kiti cha mbele cha pikapu, utafika salama.

Vitu vya kungoja hadi uingie

Pazia ndio mtego mkubwa. Dirisha la nyumba mpya linaweza kuwa refu kuliko la sasa, au fupi, au kuwe na madirisha mawili ambapo ulitarajia moja. Usikate kitambaa bado. Badala yake, siku unapokwenda kuona nyumba, beba futi ya cherehani na uandike kwenye simu: upana na kimo cha kila dirisha, upana wa mlango, urefu wa ukuta ambapo kitanda kitakaa, na soketi ziko wapi. Kwa pazia lenye mikunjo mizuri, kitambaa kiwe mara moja na nusu hadi mara mbili ya upana wa dirisha. Wiki ya kwanza, leso au shuka vitakustiri.

Rangi pia ingoje. Kabla ya kupaka hata ukuta mmoja kwenye nyumba mpya, mwulize mwenye nyumba, na jibu lake liwe kwa maandishi, hata ujumbe wa simu.

Hesabu ya mwisho wa kila kazi

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari lako liwe na safu tatu: bei ya dukani, gharama yangu, tofauti. Tuendelee na mfano wetu.

- Rafu. Dukani 3,500. Kreti nne, msasa, vanishi na bolti: 1,500. Tofauti 2,000.
- Mito mitatu na pambo la leso. Dukani 2,200. Doti, uzi na vya kujaza: 1,000. Tofauti 1,200.
- Mkeka. Dukani 900. Fulana na uzi: 300. Tofauti 600.
- Chupa na mikebe. Dukani 800. Katani, gundi na rangi: 200. Tofauti 600.

Dukani zingekuwa 7,400. Umetumia 3,000, na tofauti ni 4,400. Kumbuka ulikuwa umebakiza 9,000 za kuhama. Ukihamisha hizo 4,400 kwenye akiba ya kufunga, deni lako kwa nyumba mpya ni 4,600, yaani kama shilingi 51 kwa siku badala ya 100.

Lakini tuwe wakweli. Hesabu hii inafanya kazi tu kama hizo 7,400 ungezitumia kweli, pesa zikiwepo. Kama hukuwa na mpango wa kununua rafu, hujaokoa 2,000. Umetumia 1,500. Ndiyo maana swali la kwanza la kila kazi linabaki: je, kitu hiki ningekinunua? Kama jibu ni hapana na bado unakitaka, kitengeneze kwa vitu ulivyonavyo bila kutoa shilingi, au kiache hadi uhamie.

Na hamisha tofauti siku ile ile kazi inapoisha, usingoje mwisho wa mwezi. Mwezi ukiwa kona kila shilingi ina sababu yake.

Namna ya kulipia vifaa bila kuliwa na ada

Ada za kutuma na kutoa pesa hupangwa kwa viwango. Ukitoa pesa kwa wakala mara tano kidogo kidogo, mara nyingi utalipa zaidi kuliko ukitoa mara moja. Kwa hivyo andika orodha ya vifaa vya kazi zote nne, kisha uende sokoni mara moja au mbili.

Muuzaji akiwa na nambari ya till, lipa hapo. Kwa kawaida mnunuzi hakatwi ada kwa malipo ya till, na hukuhitaji kutoa pesa taslimu. Faida nyingine ni kwamba ujumbe wa malipo unabaki kwenye simu na unakuwa daftari lako. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linaloonekana kwenye skrini na uhakikishe ni la duka hilo.

Na usichukue mkopo wa simu kwa ajili ya mapambo. Mkopo una gharama yake, na ukichelewa kuulipa unaweza kukuzuia kupata mkopo siku utakapouhitaji kwa jambo la maana. Mto unaweza kungoja.

Linda dipoziti: matapeli wanajua unangoja

Mtu anayetafuta nyumba ana haraka, na tapeli anaijua haraka hiyo. Picha ni safi, bei iko chini kidogo kuliko mtaa mzima, na "agenti" anasema kuna wengine watatu wanaitaka, tuma dipoziti sasa hivi akushikie. Ukituma, simu inazimwa.

Shika haya:

1. Usitume pesa yoyote kabla ya kuiona nyumba kwa macho yako na kuingia ndani.
2. Uliza keateka na wapangaji wawili watatu wa hapo mwenye nyumba ni nani, na kodi hulipwa wapi.
3. Lipa kwa Paybill au akaunti inayotumiwa na wapangaji wengine. Ukiambiwa utume kwa nambari ya mtu binafsi, jina litakalotokea lazima liwe la mtu aliye kwenye mkataba.
4. Dai risiti na mkataba siku hiyo hiyo, na usifute ujumbe wa malipo.
5. Usimpe mtu PIN yako, hata akisema anapiga kutoka kwetu. Wafanyakazi wetu hawaulizi PIN.
6. Ukituma pesa kwa nambari isiyo sahihi, usimtumie tena wala usibishane na aliyeipokea. Omba kurudishiwa kupitia huduma kwa wateja mara moja. Dakika chache zinaweza kuleta tofauti, maana pesa ikishatolewa ni vigumu kuirudisha.

Kuna dipoziti nyingine ya kulinda pia, ile ya nyumba unayotoka. Toa notisi kwa maandishi kulingana na mkataba wako, mara nyingi mwezi mmoja. Siku ya kuondoka, nyumba ikiwa tupu na imefagiliwa, piga picha za kuta, sinki, madirisha na mita ya stima na ya maji. Ukiingia nyumba mpya, fanya vivyo hivyo kabla ya kushusha hata kiti kimoja. Ikija siku ya kubishana nani alivunja kioo, picha yenye tarehe itakusemea.

Siku yenyewe

Hapa ndipo utaona kwa nini tulisisitiza vitu vinavyobebeka. Kreti zinabeba vyombo. Mito na fulana zilizobaki zinazunguka glasi na kioo. Mkeka unafunika televisheni. Ile mifuko ya ununuzi iliyojaa nyuma ya mlango tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017 inabeba nguo. Hujanunua hata boksi moja.

Na dipoziti imeshalipwa, kwa jina sahihi, na risiti unayo. Usiku wa kwanza huenda pazia ni shuka na stima ni tokeni za kuanzia, lakini rafu imesimama, leso iko ukutani, na huna deni la mtu.

Ya kufanya leo jioni, kabla hujalala: andika jumla yako ya kuhama, fungua akiba ya kufunga na uweke kiasi cha kwanza hata kikiwa shilingi 100, kisha toa zile fulana kabatini uzihesabu. Ukikwama kwenye hatua yoyote ya kufungua akiba, tupigie simu ya huduma kwa wateja au umwulize wakala wetu aliye karibu nawe. Kazi ya mkasi na uzi tunakuachia.